Ndege ya Saruji

11 Juni

Joto. Miche ya mpunga iko kitaluni, na kaka yangu Nachhattar amepanda ngazi mpaka chumbani kwangu, jambo ambalo hulifanya akiwa na shida.

“Dada, wewe ndiye mtu wa magazeti. Niandikie tangazo.”

Nimeliandikia gazeti la mjini Moga kwa miaka thelathini: bei ya ngano, kesi za mipaka, wakulima waliokunywa dawa ya wadudu. Tangazo la ndoa ni mistari sita. Alinitajia huku akitembea. Kijana wa Kijat, tabaka letu la wenye mashamba, miaka ishirini na minne, mtoto wa pekee, ekari sita zenye maji. Anatafuta binti mwenye alama saba kati ya tisa katika mtihani wa Kiingereza. Ada ya chuo huko Kanada, nauli na harusi, vyote juu ya upande wa mvulana.

Nilidhani amemaliza. Akasema, “Weka pia: tabaka si kikwazo.”

Nikaweka kalamu chini. Mwaka juzi alikataa kwenda kwenye harusi ya rafiki yake wa utotoni kwa sababu bibi harusi alitoka kwa mafundi seremala.

“Hata akiwa binti wa fundi?”

“Akiwa na saba, hata awe binti wa shetani. Andika.”

Mwanawe Jagmeet amefanya mtihani huo mara nne na mara zote amepata tano. Kwa tano hakuna chuo kinachomtaka. Kwa hiyo atangulie mke, kama mwanafunzi, na mume amfuate kwa sababu ni mume. Nusu ya vijana wa kijiji chetu, Rattewal, wameondoka kwa njia hiyo.

15 Juni

Simu tangu asubuhi. Wifi yangu Charanjit anauliza alama kwanza, jina baadaye. Waliopata sita na nusu anawakatia hata salamu hawajamaliza.

18 Juni

Tumekwenda kumwona msichana kijiji cha pili. Navroop, miaka ishirini na mmoja, binti wa Gurdial, fundi seremala. Ana saba na nusu. Ana pia barua ya chuo ya kuanza masomo Januari: elimu ya udongo na maji. Ada ndiyo hana.

Charanjit alikunywa chai, akaisifu, kisha akauliza, “Hiyo saba yako ni ya lini?” Alivyouliza ungedhani ananunua maziwa. Matokeo ya mtihani huishi miaka miwili. Ya Navroop yanakufa mwezi wa tatu mwakani.

“Basi twende mbio,” akasema Nachhattar.

Gurdial aliketi kwenye ncha ya kitanda cha kamba. Binti yake aliuliza jambo moja tu.

“Nikifika huko, nitasoma kweli? Au nitapakia maboksi mpaka gharama zenu zirudi?”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

“Utasoma, mwanangu,” Nachhattar akamwambia. “Sisi si watu wa njaa.”

Nilimwona ni msichana wa kupiga hesabu. Macho yake hayakushuka hata mara moja. Nikajisemea: huyu na wifi yangu watauziana na kununuliana, na mimi nitakuwa hapo juu nasikia bei.

27 Juni

Harusi. Hakuna anayeoa mwezi huu, ila wenye haraka. Mpishi alizimia kwenye jiko la pili wakamwagia maji. Biriani ya mboga iliungua.

30 Juni

Vibarua wa kupanda mpunga kutoka Bihar wamemaliza mashamba matatu. Ekari moja kati ya zile sita iko rehani kwa mfanyabiashara wa soko la nafaka. Fungu la kwanza la ada limekwenda chuoni. La pili lilipwe kabla ya tarehe tano Novemba.

4 Julai

Bibi harusi haruhusiwi kugusa kitu. Si ufagio, si nyati, si mashine ya kukatia majani.

“Mkono huo ukikatika kidole nani atajaza fomu za Kanada?” Charanjit anamwambia. Kila asubuhi anamletea lozi zilizolowekwa, amezimenya mwenyewe. Mama yangu mzazi hakuwahi kunimenyea lozi.

Lakini hamwachi pia. Navroop akienda kuoga, Charanjit anakumbuka kwamba ana kazi karibu na bafu. Akizungumza kwa simu na baba yake, Charanjit anachambua dengu mlangoni.

Sababu yake naijua. Inaitwa Pamma. Huyo kijana hushinda kwenye gereji ya trekta hapo njia panda, na picha ya harusi iko mbele ya simu yake. Mkewe alitangulia Kanada miaka mitatu iliyopita. Mwezi wa tano tangu afike akabadilisha namba ya simu, na mumewe hakuitwa tena. Baba yake Pamma aliuza ekari mbili kwa ajili yake, na sasa analima kwa kukodi shamba lililokuwa lake. Hakuna mama wa mvulana hapa Rattewal anayepita njia panda bila kumtazama Pamma.

8 Julai

Nilikwenda kumwaga majivu nikaona kwenye jaa la samadi karatasi ya vidonge vya uzazi wa mpango. Vimetumika vinne. Vilivyobaki vimo.

Nikamwita Navroop darini kana kwamba nataka anianulie nguo.

“Vidonge vyako viko kwenye samadi.”

“Najua, Shangazi. Nimevitupa mwenyewe.”

“Kwa nini?”

Akakunja shuka langu vizuri, pembe kwa pembe, kabla hajajibu.

“Mama mkwe ameniambia nichague. Nivitupe mbele yake, au fungu la pili la ada lisilipwe. Anasema mwanamke asiye na mtoto ni mgeni, na mgeni haachiwi ekari.”

“Na mumeo?”

“Anasema mama anajua.” Akacheka kidogo. “Shangazi, si lazima ishike mimba. Kuna watu wanakaa miaka. Na ikishika, nitakwenda nayo. Tumbo haliko kwenye masharti ya viza, nimesoma yote.”

Amesoma yote. Nilidhani ni msichana wa hesabu, na kweli ni wa hesabu. Sikujua kwamba mezani yeye ndiye mwenye karata chache kuliko wote.

Nilishuka kwa Charanjit. Nikamwambia, “Wifi, umempa mtoto wa watu masharti gani?”

Hakukana. “Wewe hujazaa, wifi, kwa hiyo sikulaumu. Nyati akipelekwa malisho ya mbali anafungwa kamba. Mtoto ni kamba. Mama Pamma hakufunga, kaone.”

13 Julai

Mvua ya kwanza. Charanjit amempeleka Navroop kwa mtakatifu wa kijiji cha bondeni. Wamerudi na nazi iliyofungwa kitambaa chekundu, ya kuombea mtoto.

22 Julai

Nachhattar anajenga tangi la maji juu ya paa, na halitakuwa tangi la kawaida. Litakuwa ndege, ile ya abiria. Mabawa, mkia, madirisha ya kuchora. Hapa Rattewal nyumba yenye mtu ng'ambo huonekana kutoka barabarani: huyu kaweka mpira wa saruji, yule tai, yule trekta. Wenye Kanada huweka ndege.

“Desturi ni kujenga mtu akishaondoka,” nikamwambia. “Hujapata hata viza.”

“Dada, zege huchukua muda. Mpaka likauke, viza imetoka.”

Na nani atatengeneza kiunzi cha mbao cha kumwagia zege? Baba yake Navroop. Wamemwita kama fundi na wanamwita fundi. Nilisubiri nione kama kuna atakayemwita mkwe. “Fundi, bawa hilo limelala.” “Fundi, mkia uinuke.”

Amekuja na chupa yake ya maji na chapati zake kwenye kitambaa. Yeye ni wa watu wa zamani, hawali wala hawanywi nyumbani alikoolewa binti yao. Adhuhuri kulikuwa na joto la kuua. Navroop alisimama chini ya ngazi na birika la mtindi.

“Baba, kunywa tu. Nani anahesabu siku hizi?”

“Mimi nahesabu,” Gurdial akajibu kutoka juu. “Kampe mumeo.”

30 Julai

Mvua. Zege limefunikwa kwa maturubai.

3 Agosti

Mvua. Ndege inavuja. Iko juu kabisa ya kitanda changu. Nimesogeza kitanda, nimeweka sufuria.

4 Agosti

Sufuria imejaa.

12 Agosti

Jagmeet anafanya mazoezi ya kuongea kama watu wa huko. Anaviringisha maneno mdomoni kama mtu aliyemeza chapati ya moto. Leo alimwambia mama yake jambo kwa lafudhi hiyo na mama yake akampelekea dawa ya tumbo.

Nimpe haki yake. Trekta ikizima, kijiji kizima humwita yeye, naye huitambua kasoro kwa kusikiliza tu. Nilimwuliza mbele ya nyati kama kweli anataka kwenda.

“Shangazi, ningekuwa wa kubaki hapa, nani angekubali kuolewa nami?”

Ni kweli. Hapa mvulana asiye na mpango wa ng'ambo hapati mke hata akiwa na ekari kumi. Hivyo anakwenda ng'ambo ili aoe, na ameoa ili aende ng'ambo.

20 Agosti

Jioni Navroop hupanda kwangu kuzikimbia lozi. Leo ameniuliza kina cha kisima chetu. Nikamwambia babu alichimba futi thelathini. Pampu ya sasa inavuta kutoka futi mia tatu na zaidi. Akachora kwa kidole kwenye vumbi la ukuta: mchanga, udongo mfinyanzi, mchanga tena. Akanieleza kwa nini mpunga unatumalizia maji, na kwamba huko wana njia za kupima maji yaliyo chini bila kuchimba.

“Utarudi nazo?”

“Nikirudi nazo nitaonekana nimefukuzwa.”

Nimehoji mawaziri watatu wa kilimo. Hakuna aliyewahi kunichorea kitu.

29 Agosti

Navroop ametapika jikoni. Charanjit amegawa sukari guru kwa majirani, akasema ni kwa sababu ya mvua nzuri.

11 Septemba

Barua ya vipimo vya afya kwa ajili ya viza imekuja, na leo tumekwenda Ludhiana: Navroop, Charanjit na mimi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nimezoea maofisa. Jagmeet aliendesha gari akabaki nje kulilinda.

Daktari ni mwanamke wa makamo, mwenye haraka. Mkojo, damu, uzito. Kisha akasoma karatasi akavua miwani.

“Una mimba ya wiki kumi hivi.”

“Tunajua,” akasema Charanjit, na akatabasamu mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Basi kuna suala la eksirei ya kifua. Lazima iwepo, bila hiyo faili haliendi. Naweza kuipiga tumbo likiwa limefunikwa aproni ya risasi, hatari ni ndogo sana, lakini uamuzi ni wako. Au tusubiri mpaka ujifungue, na faili lisubiri pia.”

“Mpaka lini?” Navroop akauliza.

“Mwezi wa nne, na wiki chache za kupumzika.”

Januari ingekuwa imepita. Hata matokeo yake ya Kiingereza yangekuwa yamekufa.

“Piga,” akasema Navroop.

“Asipige!” Charanjit alisimama, akamshika mkono. Zile bangili nyekundu za harusi ziligongana. “Huyo ni mjukuu wangu. Nimemwomba kwa miguu, nimetembea peku. Nyinyi mnataka kumwunguza ndani kwa ndani?”

“Mama, namwuliza yeye,” daktari akasema.

“Mimi ndiye namlipia yeye!”

Daktari aliangalia saa. Nje kulikuwa na wasichana wapata ishirini, kila mmoja na mama mkwe wake. Akasema turudi tukishaelewana.

Tukarudi nyumbani. Jagmeet aliuliza njiani kama tumekula.

12 Septemba

Niandike walivyosema, kwa mpangilio.

Nachhattar alianza. Alikuwa hajajua lolote kuhusu masharti ya vidonge. Alijua leo, asubuhi, na chai mkononi.

“Wewe mwanamke una akili? Ekari yangu iko rehani, chuo Januari, na wewe unamjaza mimba?”

“Nilimfunga.”

“Umenifunga mimi!” Akageuka kwa Navroop bila kumtazama usoni. “Isafishwe. Wiki hii. Kuna daktari Moga hasemi kitu.”

Charanjit akajipiga kifua. “Kwanza uniue mimi.” Halafu nikaona wazo linamwingia. Nimeliona jambo hilo kwa mashahidi mahakamani: macho yanatulia ghafla. “Sikilizeni. Azae hapa. Mtoto abaki na mimi. Kisha aende kuanza chuo muhula wa Septemba, afanye mtihani wake upya, si ana kichwa? Mama hamwachi mtoto wake. Atamwita Jagmeet haraka, tena kwa machozi.”

Nachhattar akaketi. Naye alikuwa analipima wazo hilo.

Navroop alikuwa amesimama kando ya ndoo za maziwa. Alizungumza taratibu.

“Baba, Mama. Nipigwe eksirei, nisafiri Desemba, nizae huko. Jagmeet aje baada ya miezi sita kama tulivyopanga. Hakuna kitu kitakachoharibika. Hakuna hata mmoja wenu atakayepoteza.”

“Uzae huko?” Charanjit akasema. “Mtoto wa pasipoti ya huko? Basi utatuhitaji kwa lipi? Kamba ikivuka bahari ni yako peke yako.”

“Mimi si nyati, Mama.”

“Nyati ana shukrani.”

Nikamwambia kaka, “Mlimwahidi kusoma. Nilikuwepo.”

“Dada, usiandike gazeti ndani ya nyumba yangu.”

Jagmeet alikuwa mlangoni. Wote tulimtazama, hata mama yake. Alikuwa na spana mkononi, akaifuta kwa kitambaa, akaifuta tena. Akasema trekta ya jirani inamsubiri, akaenda.

Tangu jana nilikuwa nawaona Charanjit na Navroop kama mwindaji na windo. Leo nimeona pia jambo jingine: Charanjit alipomaliza kusema alikwenda nyuma ya zizi, akaketi chini, akatetemeka mwili mzima kama mtu wa homa. Anaogopa yaliyompata Pamma kuliko kifo. Haimpunguzii kosa. Naliandika kwa sababu nimeliona.

19 Septemba

Nilisema nina kesi ya kuripoti Ludhiana na nahitaji wa kunibebea mfuko. Nikamchukua Navroop. Daktari akamsomea fomu, Navroop akaisaini, akafungwa aproni nzito iliyomfika magotini. Picha yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kufunga zile kamba za aproni.

Alipotoka alisema, “Nilidhani nitasikia kitu.”

Tukala samosa stendi. Amelipa yeye, kwa hela alizopewa na baba yake.

Charanjit hakuuliza tulikokuwa. Nilimwambia mwenyewe. Hajasema nami tangu hapo.

2 Oktoba

Mpunga umeinamisha vichwa. Mvua imekwisha. Ndege bado inavuja, sijui inavujisha nini.

10 Oktoba

Mashine ya kuvuna imeingia ekari za chini.

21 Oktoba

Viza imetoka.

Nachhattar alilia hadharani. Jagmeet alimwinua mkewe kutoka chini kisha akakumbuka tumbo akamtua kama yai. Simu ikapigwa kwa Gurdial, na nikasikia kwa masikio yangu: “Mkwe! Mkwe wangu! Njoo upake ndege rangi!” Charanjit mwenyewe alimlisha Navroop ladu, tamutamu ya sherehe, kwa mkono wake, na kwa muda wa jioni moja nilifikiri nimekosea, furaha imeizidi hofu.

Gurdial amekuja na chupa yake ya maji. Amepaka nyeupe, amechora jani jekundu la Kanada mkiani. Inaonekana kutoka barabara kuu.

28 Oktoba

Wanachoma mabua ya mpunga. Jua linazama limevimba, rangi ya tofali. Koo linawasha. Fungu la pili halijalipwa.

2 Novemba

Nilimwuliza kaka lini atalipa.

“Baada ya kuzaa.”

“Chuo kinafunga tarehe tano. Viza bila chuo ni picha tu kwenye pasipoti.”

“Nimeongea na wakala. Anasema mtu mwenye viza mara moja hupata mara ya pili.”

“Wakala amesema, au umemlipa aseme?”

Alitazama mashamba yake, au pale yalipo, kwa kuwa moshi ulikuwa umefunika kila kitu. “Dada, nimekaa na baba yake Pamma soko la nafaka. Unajua anafanya nini ili alipe ile kodi ya shamba? Anashikilia mzani wa mtu mwingine. Sitaki.”

Nilimwambia auze ekari yangu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Sina ekari. Baba alipofariki nilisaini sehemu yangu kwa kaka, kama dada wote wa hapa wanavyosaini, nikapewa kitambaa cha suti na chumba cha juu.

5 Novemba

Navroop aliketi uani kutwa, simu mapajani. Jioni yetu huko Kanada ni asubuhi, akasema, labda watafungua ofisi waongeze muda. Hawakuongeza.

Jagmeet alimletea chai. Ilipoa, akaja akaichukua, akaleta nyingine.

6 Novemba

Navroop amekwenda kwao. Mchana, mbele ya wote. Gurdial alikuja na mkokoteni wake wa mbao, ule ule alioletea viunzi. Alisimama nje ya lango, hakuingia.

Navroop alivua bangili nyekundu moja moja akazipanga juu ya ukuta wa kisima. Lozi alizopewa asubuhi alizirudisha jikoni, kwenye bakuli lake.

“Ukitoka leo hutarudi,” Charanjit akamwambia. “Na huyo mtoto ni wetu.”

“Mama, ulitaka kamba. Unaishika ncha moja tu.”

Navroop alinigusa miguu kuniaga. Nikamwambia asiiname sana. Charanjit alisimama langoni mpaka mkokoteni ulipomezwa na moshi, kisha akatuma mtu amwulize Jagmeet kwa nini hakumzuia. Jagmeet alikuwa chini ya trekta.

9 Novemba

Wazee wa kijiji wamekaa. Wamesema ndoa imevunjika, kila upande ubaki na chake. Mahakamani halijafunguliwa hata faili. Nachhattar amerudi akiwa mwepesi.

15 Novemba

Jagmeet ameniomba nimpelekee Navroop mfuko wa mapera, ya mti ulio nyuma ya zizi. Nimepeleka. Navroop amepata kazi Moga, anafundisha kituo cha mtihani wa Kiingereza. Darasa la wasichana thelathini, wote wanataka saba. Anafundisha ameketi, miguu inavimba.

Aliyamimina mapera kwenye beseni, akaukunja mfuko pembe kwa pembe, akanirudishia.

“Mwambie asante. Asilete tena.”

20 Novemba

Nachhattar amepanda ngazi.

“Dada, niandikie tangazo.”

Nikachukua kalamu. Niliandika: Kijana wa Kijat, miaka ishirini na minne, ekari sita, moja rehani. Ameoa Juni. Mke ana mimba ya miezi mitano, yuko kwa baba yake. Anatafuta binti mwenye alama saba. Ada italipwa nusu.

Alisoma, midomo ikicheza. Akaichana vipande, akaviweka mezani kwangu kwa adabu, akashuka.

24 Novemba

Jumapili. Tangazo limetoka. Aliliandika karani wa matangazo. Mistari sita, ukurasa wa nne, katika gazeti langu. Kijana wa familia njema. Ardhi, nyumba ya kisasa, ndege juu ya paa. Tabaka si kikwazo.

Charanjit ameloweka lozi.

27 Novemba

Navroop amenipigia akiwa mapumzikoni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, nyuma yake wasichana walikuwa wanakariri.

“Shangazi, nina mwanafunzi anaitwa Kamalpreet. Amepata saba jana. Baba yake ana duka la kushona.”

“Mpe hongera.”

“Leo baada ya kipindi amekuja mezani na kipande cha gazeti. Anasema wamepiga namba, wamejibiwa vizuri, watu wa Rattewal, wanakuja kumwona Jumapili. Akaniuliza, ‘Mwalimu, si uliwahi kukaa Rattewal? Hii familia unaijua? Ni watu wazuri?’”

“Umemwambia nini?”

Kengele ililia upande wake. Viti vikaburutwa.

“Sikumwambia kitu, Shangazi. Nilikuwa nimeketi nyuma ya meza. Nikasimama, akaliona tumbo.”